Maneno Manne ya Mwalimu Maximilian

Tuanze na makofi, maana makofi ndiyo yaliyoleta balaa lote hili.

Kwenye mteremko wa Hanang, mahali fulani kati ya Endasak na Gendabi, kuna sekondari ya kata iliyokuwa na desturi ambayo hutaikuta shule nyingine. Kila Jumatatu kwenye paredi, mkuu wa shule, Mwalimu Maximilian, alimwita mwanafunzi mmoja mbele atamke neno zito la Kiingereza. Neno la silabi tatu lilipigiwa kofi moja. La silabi nne, makofi mawili. Kuanzia tano kwenda juu, makofi matatu ya nguvu, na mwalimu mwenyewe akafumba macho kama mtu aliyeonja asali. Maana ya neno haikuulizwa. "Maana mtaikuta mbele ya safari," alikuwa akisema. "Kwanza mlijaze kinywani." Desturi ikatoka shuleni ikaingia kijijini. Wazazi wakiitwa kikao, mwalimu akadondosha neno refu, wazee kwa akina mama walipiga makofi, tena kwa kuhesabu silabi, na wala hawakuona aibu, kwa sababu hawakujua kama kuna kitu cha kuonea aibu.

Bingwa wa makofi hayo alikuwa Oliva, binti wa Mzee Yoakimu. Kwa miaka minne alikariri maneno mia nne na kumi na mawili, yote ameyaandika kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu. Aliyasema akipalilia maharage, aliyasema akikamua ng'ombe, mpaka mama yake, Letisia, akaomba walau wakati wa kusonga ugali nyumba ipate utulivu. Kwenye mahafali ya kidato cha nne yeye ndiye aliyemkaribisha diwani kwa Kiingereza, hotuba kaandikiwa na mwalimu, na humo ndani alimwita diwani kiongozi wetu "nefarious". Makofi mawili. Diwani alisimama akainamisha kichwa kwa heshima.

Wiki mbili baadaye walikuja wakaguzi wa elimu. Mwalimu Maximilian alitaka kuwaonyesha shule yake, akajitambulisha kwao mbele ya wanafunzi kwa neno la silabi tano ambalo hata Oliva hakuwa nalo. Oliva akanyoosha mkono. Hakuwa na nia mbaya. Ana maneno mia nne na kumi na mawili, hili la mia nne na kumi na tatu limempita, na alitaka kulijua.

"Samahani, mwalimu. Maana yake nini?"

Mkaguzi mmoja aligeuka, kalamu mkononi, akangoja naye. Mwalimu alikohoa. Akasema ni neno la kitaalamu. Akasema tena kwamba ni kama kusema mtu mkubwa, lakini siyo mkubwa wa mwili. Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Mwalimu Maximilian hakumchapa Oliva, hakumfokea, hata baadaye hakumwita ofisini. Kila mtu alidhani yamepita.

Cheti cha kumaliza shule kilipotoka, kwenye mstari wa tabia, ambapo wenzake wote waliandikiwa neno moja tu la kusema tabia njema, Oliva alikuwa na maneno manne: obstinate, truculent, mendacious, incorrigible. Mzee Yoakimu alikipeleka Katesh kikapigwa lamineti. Akakitundika sebuleni, kati ya kalenda ya parokia na picha ya Familia Takatifu, na kila asubuhi nyumba nzima ilisali chini yake kabla ya kutoka kwenda shamba. Mgeni akija, kabla hata chai haijamiminwa, alionyeshwa mstari ule. Oliva aliyatamka maneno manne, na mgeni akapiga makofi: moja, moja, moja, halafu matatu.

Sasa utauliza, miaka miwili nzima msichana aliyefaulu alishindwa kutafuta maana ya maneno manne? Nami nakuuliza wewe: ni lini ulipewa sifa ukaenda kuikagua? Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, isiyo na intaneti. Na hata ingekuwa nayo, mtu huangalia kilichomuuma, hahangaiki na kilichomfurahisha.

Ila maisha hayakumpigia makofi. Alifaulu biolojia na kemia vizuri tu, akaomba chuo cha uuguzi, akaitwa kwenye usaili. Wale watu walisoma cheti, wakanong'onezana, wakasema watampigia simu. Hawakupiga. Akaomba kazi kwenye shule ya chekechea. Mwenye shule alisoma, akamwangalia usoni muda mrefu, akamrudishia cheti kwa ncha za vidole. Mwaka wa pili akaomba chuo kingine cha uuguzi, huko upande wa Mbulu, akaitwa tena. Usaili ulikuwa Jumatatu ya tarehe tisa. Mzee Yoakimu alikuwa ameshasema wazi kwamba hii ni mara ya mwisho. Asipopata, mdogo wake ndiye atakayesomeshwa, na yeye abaki kwenye mbaazi.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia, Oliva alipanda bodaboda kwenda Katesh kutafuta kibarua cha siku chache kwenye duka la dawa la Yasmini, angalau apate nauli na sare. Yasmini ni mama wa miaka kama thelathini na tano, babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Kondoa, na yeye mwenyewe alisomeshwa shule za Kiingereza Arusha tangu chekechea. Alikipokea cheti, akakisoma, akarudia. Akavua miwani.

"Mdogo wangu, hiki cheti umeshakisoma?"

"Nimekisoma, dada."

"Hapa kwenye tabia?"

Oliva akatabasamu, maana hapo ndipo alipopapenda. Akayatamka yote manne bila kuangalia, kwa sauti ileile ya paredi, akanyamaza kidogo mwishoni kama alivyozoea. Yasmini hakupiga makofi.

"Maana yake unaijua?"

"Ni sifa. Tabia nzuri sana."

Akaingia mzee mmoja anataka dawa ya kikohozi. Yasmini alimhudumia, akampa maelekezo, akamrudishia chenji, na muda wote huo uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kuanzia. Mzee alipotoka, aliweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Hili ni mkaidi. Kichwa ngumu. Hili la pili ni mshari, mtu anayetafuta ugomvi hata pasipo na ugomvi. Hili la tatu..."

"Sema tu, dada."

"Mwongo. Siyo aliyedanganya siku moja. Mwongo wa tabia. Na hili la mwisho linasema hata ufanyweje, hutengenezeki."

Oliva alimwambia Yasmini kwamba yeye ndiye mwongo. Nasema kama ilivyokuwa. Alimwambia hivyo mtu mzima, dukani kwake, bila samahani. Yasmini aliinama chini ya kaunta akatoa kamusi nene iliyochakaa, akaisukuma mbele yake, akafungua na simu yake akaiweka pembeni ya kamusi.

Saa nzima Oliva alisimama pale. Alitafuta neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha akarudia upya, kama mtu anayepapasa mfukoni mara ya nane huku anajua ufunguo haumo. Alipoinua kichwa, machozi yalikuwa hayajatoka, na hayakutoka. Kilichotoka ni swali.

"Kamusi hii naweza kuisoma hapahapa kila siku?"

Akaja Jumanne, akaja Jumatano, na kaunta buku jekundu. Asubuhi alipanga maboksi ya Yasmini, mchana alikaa kwenye kreti la soda nyuma ya kaunta akatafuta maana ya maneno yake yote. Na hapo hasira, iliyokuwa imeanza kama moto wa mabua, ikapata kuni za kweli. Kwa sababu alijifunza. Alijifunza kwamba "nefarious" ni mwovu wa kupindukia, na kwamba alimwita diwani hivyo mbele ya umati, na diwani akainama. Alijifunza kwamba siku ya shukrani ya mavuno yeye alimwita padri mlafi. Kwamba Madam Judica, makamu mkuu wa shule, aliyefika kazini mwaka ule wa mahafali, walimpokea kwa kumwita kitu kilichooza. Neno baada ya neno, Mwalimu Maximilian alikuwa amewarushia maneno kama kuku anavyorushiwa pumba, ovyo ovyo, bila kujua yanaangukia wapi.

Isipokuwa manne. Hayo manne kwenye cheti hayakuangukia ovyo. Kila moja lilikaa mahali pake, baya, halafu baya zaidi, halafu lile la kufunga mlango. Asiyejua kurusha jiwe hapigi ndege wanne mfululizo. Mwalimu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakufungua kamusi kwa ajili ya mtoto wa mtu yeyote, aliifungua siku moja, akatafuta kwa uangalifu, akachagua. Aliifungua ili ammalize Oliva. Hilo ndilo lililomfanya Oliva afunge kaunta buku kwa kishindo mpaka vichupa vya rafu ya chini vikalia.

Yasmini alipiga simu chuoni kuuliza. Wakamwambia cheti chenyewe hakibadilishwi, ila mkuu wa shule yule yule aliyesaini akiandika barua ya kusahihisha, na muhuri wa shule ukawepo, wataipokea. Jumamosi Mwalimu Maximilian alikuwa anaagwa, amehamishiwa wilaya nyingine. Muhuri alikuwa anaukabidhi siku hiyohiyo.

Alhamisi Oliva akaenda ofisini kwake. Alikwenda kwa adabu, kitenge kimefungwa vizuri, hasira ameimeza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, bingwa wangu! Karibu, karibu. Unaona tunavyofungasha."

Oliva akaweka cheti juu ya meza. "Mwalimu, nimeijua maana."

Mwalimu Maximilian alikitazama cheti, akamtazama yeye, akaendelea kufunga kamba kwenye boksi la vitabu. Mtu mwingine angeona haya. Yeye alicheka kidogo puani.

"Kwa hiyo umefika mbele ya safari."

"Naomba barua ya kusahihisha. Nina usaili Jumatatu."

"Unajua lile swali lako liligharimu nini? Wakaguzi waliandika kwamba mkuu wa shule hana umahiri wa somo. Nikarukwa kwenye kupandishwa daraja. Miaka miwili, Oliva. Kwa swali lako."

"Niliuliza maana tu, mwalimu."

"Nami nimekupa." Akakaza fundo. "Nenda kawaambie. Waambie mwalimu aliyewajengea maabara amemwita bingwa wake mwongo. Halafu tuone mwongo anaaminiwa na nani."

Alitoka mle ofisini. Mtu amekupaka matope, halafu anakuambia nenda kalalamike, wataona matope yako watacheka. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, njia yote anatukana kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili, na kwa maneno ya silabi tano ambayo sasa alijua maana yake.

Ijumaa jioni alimkuta baba yake uani anapiga rangi viatu. Mzee Yoakimu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kumuaga mwalimu, na mbuzi wa sherehe alitoka kwenye zizi lake.

"Baba, yale maneno ya kwenye cheti changu, unajua maana yake?"

"Kwa nini nisijue?" Mzee hakuinua kichwa, lakini sauti ilijaa furaha. "Mwalimu aliniambia kwa kinywa chake. Alisema, Mzee Yoakimu, binti yako nimemwandikia maneno manne ambayo sijawahi kumwandikia mtu tangu nianze kazi. Nikamshika mikono yote miwili."

Oliva alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Aliitafuna. Alimwona baba yake, kiatu kimoja mkononi, amekivaa kile kingine kuona kama kinang'aa, na akashindwa. Akaenda jikoni akamenya vitunguu vingi kuliko mama yake alivyoagiza. Kuona uchungu kwa ajili yako mwenyewe ni jambo moja. Lakini kumfanya mzee wa watu amshike mikono aliyemtukania mtoto, amshukuru, amchinjie! Usiku ule hakuwa na swali tena kama atasema. Alibaki na swali la namna ya kusema ili aaminike.

Jumamosi maturubai mawili yalifungwa kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja kutoka vitongoji vyote, wengine kwa bodaboda, wengi kwa miguu. Diwani alikuwepo. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Mwalimu Maximilian alikaa meza kuu na shada shingoni, pembeni yake Madam Judica, ambaye ndiye aliyekuwa anakabidhiwa shule. Hotuba zikatolewa, zawadi zikatolewa, na mwisho Mzee Yoakimu akashika kipaza sauti.

"Sasa, ndugu zangu, hatuwezi kumuaga mwalimu wa maneno bila maneno. Namwita binti yangu."

Vigelegele. Oliva akatoka na kile cheti, amekitoa ukutani asubuhi. Mwalimu Maximilian alimtazama, akaegemea kiti chake kwa starehe. Hakuwa na wasiwasi. Alijua wasikilizaji wake. Yeye ndiye aliyewafuga.

"Shikamooni wazee. Shikamooni akina mama." Akajibiwa. "Leo sina maneno yangu. Nimekuja na maneno ya mwalimu mwenyewe, aliyoniandikia mimi. Obstinate."

Kofi moja, umati mzima.

"Truculent."

Kofi.

"Mendacious."

Kofi. Mzee Yoakimu alikuwa ameweka kipaza sauti kwapani ili apige vizuri. Kwenye meza kuu, Madam Judica aliacha kutabasamu, akamgeukia mwalimu taratibu.

"Incorrigible."

Pa! Pa! Pa! Hata wapishi waliacha masufuria wakapiga.

Oliva akangoja makofi yaishe kabisa. Akakishika cheti kwa mikono miwili.

"Asanteni. Sasa nawaambia mlichokipigia makofi. La kwanza, mkaidi. La pili, mshari. La tatu, mwongo. La nne, mtoto aliyeharibika asiyeweza kutengenezeka. Hiyo ndiyo tabia yangu, imesainiwa, ina muhuri. Vyuo vinasoma hii. Ndiyo maana miaka miwili nipo nyumbani."

Ikaanza minong'ono, halafu bibi mmoja nyuma akauliza kwa Kiiraqw mtoto kasemaje, akatafsiriwa, akapiga ukelele. Mwalimu Maximilian alisimama, mikono ameinua kama mtu anayetuliza mbuzi.

"Wazazi wangu, jamani. Kiingereza ni bahari. Binti kachanganya. Hayo ni maneno ya sifa za juu, mimi mwenyewe ndivyo ninavyoyajua, ni sifa."

"Siyo sifa," akasema Madam Judica. Hakusimama, hakuchukua kipaza sauti, lakini alisikika. "Hayajawahi kuwa sifa."

"Basi labda nilikosea!" Mwalimu alicheka. "Mtu hukosea. Niliona neno zuri, nikaandika."

Oliva alilingoja hilo. Alilingoja tangu jana usiku.

"Vizuri, mwalimu. Kwa hiyo wewe hujui Kiingereza."

"Nani hajui?"

"Kumi na tisa. Miaka kumi na tisa umewafundisha watoto wa hawa wazee maneno ambayo maana yake huijui. Mheshimiwa diwani, shikamoo. Siku ya mahafali nilikuita mwovu. Aliniandikia yeye. Padri nilimwita mlafi. Basi tuseme hujui, mwalimu, tuwaambie hawa kwamba miaka yote walikuwa wanapiga makofi kwa mtu asiyejua anachosema. Au unajua, na ulichagua. Moja kati ya hayo. Chagua."

Mtu alicheka upande wa vijana. Kicheko kimoja tu, kifupi, cha puani, lakini kilimfikia mwalimu meza kuu. Kuna watu utawaambia ni wabaya, watakusamehe. Lakini uwaambie ni wajinga! Mwalimu Maximilian alivua shada shingoni, akalitupa mezani, na uso wake ukawa umejaa damu.

"Mimi sijui Kiingereza? Mimi? Niliyafahamu maneno yote manne! Nilikaa jioni nzima na kamusi nikayatafuta, moja moja, na kila moja nilijua maana yake kuliko mtu yeyote hapa! Aliniaibisha mbele ya wakaguzi, nikamwandikia anachostahili!"

Alisikia mwenyewe alichosema, lakini alikuwa ameshakisema. Kipaza sauti cha mezani kilikuwa wazi. Maneno yalikwenda mpaka ng'ambo ya korongo.

Hapo watu walimtazama Mzee Yoakimu. Alikuwa amesimama palepale alipopiga makofi. Alikuja taratibu, akakichukua cheti mkononi mwa binti yake, akakitazama kwa muda kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona, akakilaza mbele ya mwalimu. Hakupaza sauti. Oliva alitaka apaze, alitaka baba yake angurume, ila mzee alisema kwa sauti ile ile anayosemea nyumbani.

"Mwalimu, mimi nimesali chini ya maneno haya miaka miwili. Kila asubuhi nilikutaja jina."

Mwalimu Maximilian alifungua mdomo.

"Bado sijamaliza. Madam Judica, naomba karatasi na muhuri. Yeye ataandika barua sasa hivi, hapa, kabla hajakabidhi. Na aandike Kiswahili. Safari hii nataka nisome mimi."

Karatasi ikaja. Wala mtu hakuondoka, wala pilau haikupakuliwa. Mwalimu aliandika ameinama, jasho linadondoka, na alipomaliza aliisukuma karatasi bila kuinua macho. Mzee Yoakimu alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa darasa la pili. Watu mia tatu walimngoja. Kwamba cheti kilichotangulia kilikuwa na makosa. Kwamba Oliva Yoakimu alikuwa mwanafunzi hodari. Kwamba ni mwaminifu, mtiifu na mpole.

Kidole kikasimama.

"Mpole?" Akamtazama binti yake, aliyesimama pale macho mekundu, taya zimekaza, mikono imekunjwa ngumi. "Mtiifu na mpole. Hapana. Futa. Umeshaniandikia uongo mmoja."

Watu walitaka kucheka, wakaona uso wa mzee, wakaacha.

"Sasa niandike nini?" akauliza Mwalimu Maximilian. Ilikuwa sauti ndogo ambayo pale shuleni haijawahi kusikika.

Mzee alimgeukia Oliva. "Sema wewe."

Oliva akavuta kiti, akakaa mbele ya mwalimu wake, uso kwa uso. Akaanza kumtajia sifa zake mwenyewe, neno moja moja, polepole. Na kila neno alilomtajia, alimtaka kwanza aseme maana yake mbele ya watu wote, ndipo akamruhusu kuliandika.